Nyumba Isiyonuka

Bibi aliyeniachia ulimi huu ninaosumbulia watu mpaka leo hakuwa mzazi wa mama yangu. Alikuwa mdogo wa huyo mzazi. Lakini kwetu Ugogoni bibi ni bibi, hatuulizani nani alitangulia kuzaliwa. Alikuwa mrefu, mkavu, shingo imejaa shanga, na mdomo wake haukujua kupumzika. Aliniita mke mwenzake tangu sijaota meno. Nilipoolewa na kijana wa reli, akamhesabu naye kuwa wake. "Mume wetu hajambo?" ndiyo iliyokuwa salamu yake kwangu. "Umempikia leo, au umempashia mlenda wa jana?" Mume wangu ni mtu mpole, aliyezoea kupigiwa kelele na injini za treni tu. Akimwona bibi anakuja njia hii, alikumbuka ghafla kwamba ana kazi njia ile.

Sasa mtu wa namna hiyo akivunjika nyonga, hakuna anayebaki salama. Alianguka wakati wa masika, akishuka korongoni kuchota maji huko kwao upande wa Mpwapwa. Wakambeba kwa machela mpaka barabarani, wakampakia kwenye lori, akafika Dodoma amelala juu ya magunia ya karanga huku akimfundisha dereva kuendesha. Hospitali walimlaza kwa miezi. Mwishowe wakasema mfupa umeshika, kutembea bado, nao kitanda wanakihitaji kwa mgonjwa mwingine. Nadhani masikio yao pia yalihitaji kupumzika.

Kwangu nisingeweza kumweka. Tulikaa kota za reli, na enzi zile za Mwingereza hata nani alale chini ya bati lako lilikuwa shauri la serikali: mwenye kazi, mkewe na watoto wao, basi. Nyapara wa kota alipita asubuhi kuchungulia vyumbani, na mkeka wa mgeni aliutambua hata ukiwa umekunjwa na kufichwa nyuma ya mlango. Ndipo tukaelekezwa nyumba ya wazee, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Chang'ombe. Humo walikaa watu waliobakiwa na miili yao tu: wapagazi wa zamani walioishia njiani, vibarua wa reli waliokuja kutoka mbali wakasahau njia ya kurudi, na akina mama waliokwisha kuzika kila aliyekuwa wao. Bibi alikuwa na watu, tena wengi, lakini alipokewa mpaka hapo atakapoweza kusimama.

Siku ya kwanza nilipoingia nyumba ile nilivutiwa mno, sitaficha. Ua ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio ilionekana imepangwa sawasawa. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Vitanda vya kamba vilikaa kwenye mstari, mashuka yamekunjwa pembe, na wazee wamelala wamenyooka, kimya. Na harufu haikuwapo. Mimi nimelea watoto na nimeuguza wakwe, najua nyumba yenye watu wasioweza kutoka nje inavyonuka. Pale hapakunuka kitu. Ungeweza kupikia watu wa harusi.

Mwenye sifa hizo zote alikuwa msimamizi, Mhehe wa Iringa, aliyewahi kuwa askari wa Keya na kufika Burma. Vita vilikwisha, yeye hakuambiwa. Alitembea kifua mbele, kaptula imenyooshwa kwa pasi, ufagio begani. Mji mzima ulimsifu. Akina mama wa kanisani walimsifu, mashehe walimsifu, na yeye alizipokea sifa kama mtu anavyopokea mboga kwa jirani, akisema hapana, hapana, huku mkono umeshanyooka. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, kwa sababu nitakayoyaeleza yanaweza kumfanya mtu adhani alikuwa katili. Aliwaosha wazee wale kwa mikono yake mwenyewe, na wala hakuwafokea.

Na kwa bahati yake au yetu, alikuwa Mhehe. Wagogo na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana. Walipochoka kupigana wakaanza kutukanana, na hapo ndipo tulipo mpaka leo. Mtani anaweza kukuambia lolote mbele ya yeyote, nawe huruhusiwi kununa. Anaweza kukamata kitu chako, mbuzi au kofia, akakaa nacho mpaka umkomboe kwa atakachotaka, na ukikasirika ni wewe utakayechekwa. Kwa hiyo bibi alipoingizwa mle kwa machela akamtazama msimamizi kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema, "Kumbe nimeletwa kwa Mhehe. Waambieni wafunge mbwa wao, huyu asije akapata njaa." Msimamizi akacheka, akajibu, "Karibu, bibi. Mgogo akiletwa kwangu kitu cha kwanza naficha ng'ombe." Nikaenda zangu nyumbani nimeridhika. Nilijua bibi amepata wa kumchokoza.

Kwa majuma kadhaa mambo yalikwenda hivyo. Nilikuwa nakwenda kila Ijumaa na Jumatatu baada ya soko, nampelekea kidogo cha kula, namkuta anamsema msimamizi, naye msimamizi anamsema. Halafu kiangazi kikashika. Wanaoujua mji wetu wanaujua mwezi wa Oktoba: upepo umekauka, vumbi jekundu, mbuzi wanagombea kivuli cha nguzo ya simu. Bibi akaanza kupungua maneno. Nikadhani amechoka. Mara ananiuliza mama yangu yuko wapi, na mama alikwisha kufariki, tena yeye mwenyewe ndiye aliyemwosha. Mara anamwita msimamizi kwa jina la kaka yake. Nikarudi kota nikamweleza mume wangu. Akasema ni uzee. Mama mkwe, aliyekuwa amehifadhiwa na wifi yangu mjini, akasema ni uzee. Msimamizi akasema, kwa upole kabisa, ni uzee, wote huishia hivyo wakifika hapa. Kila mtu alikuwa na jibu hilo moja, nami nikalichukua.

Halafu ikaja siku moja nikaingia, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama," akasema. "Asante kwa kuja."

Nikabaki nimepiga goti. Mama! Asante! Tangu nizaliwe mtu yule hakuwahi kunishukuru hata kwa bahati mbaya. Angenitukana ningejua kuna uhai. Lakini heshima ile, ya mgeni kwa mgeni, ilinishtua. Nilitoka uani nikalia kwenye yale mawe ya chokaa, na msimamizi alikuja kunipa pole huku akihakikisha sijaliegemea lolote likachafuka.

Tukamwita mjomba kutoka Mpwapwa, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Alikuja na uso wa msiba kabisa, amekwisha kuupanga kwenye lori. Tukakaa kando ya kitanda, mjomba, mama mkwe na mimi. Bibi alikuwa amelala chali, macho nusu, mdomo wazi. Mjomba akakohoa, akaanza. Kwamba njia ni moja. Kwamba azikwe kwao, si hapa mjini penye mchanga wa watu wasiojulikana. Kwamba ng'ombe wake wachache waingie katika zizi lake yeye mjomba, maana ndiye anayewachunga. Shanga nigawane mimi na dada zangu. Na kile kiti chake cha miguu mitatu, alichochongewa na mumewe, mjomba akasema kwa sauti ya chini na ya huzuni nyingi, kile atakikalia yeye, kwa ukumbusho. Mama mkwe akamuuliza atakikaliaje kwa makalio yale. Tukamaliza kikao.

Siku iliyofuata mama mkwe alinipa kibuyu cha togwa la uwele, akasema mpelekee, hata akionja tu. Nilifika baada ya chakula cha mchana, jua limekaa utosini. Nikamimina kidogo katika bakuli la bati, nikamwinua bibi kichwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilipolisogeza bakuli, mkono wake, uliokuwa umelegea kwa majuma, uliruka ukanishika kifundo, kucha zikaniingia. Alikunywa bila kupumua. Akalilamba bakuli. Akalamba na vidole vyangu.

Halafu nikasikia vitanda vinalia. Nikageuka. Wazee wote wa chumba kile, wale waliolala wamenyooka kimya, walikuwa wameinuka juu ya viwiko, na kila mmoja amenyoosha bakuli lake kwangu.

Nikaanza kugawa. Msimamizi akaja mbio na ufagio wake. "Mama! Mama! Mchana umepita! Usiwape!"

"Nisiwape nini?"

"Kitu cha maji. Chochote." Akanivuta kando, na hapo akanieleza utaratibu wake, taratibu, akifurahi, kama mtu anayekutembeza shambani kwake. Wazee wake wanakunywa asubuhi, na wanakunywa pamoja na chakula cha mchana. Baada ya hapo pipa linafungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa shingoni mwake mpaka alfajiri. Asiyekunywa hakojoi. Asiyekojoa halowanishi. Alikuwa amejifunza jeshini kwamba kila tatizo lina chanzo, na yeye chanzo alikiona. "Unasikia harufu yoyote?" akaniuliza.

"Sisikii."

"Basi," akasema, na akatabasamu kwa namna ambayo ningeweza kumpiga kwa kibuyu.

Nilirudi kwa bibi nikafinya ngozi ya mgongo wa mkono wake. Ilisimama palepale nilipoiacha, haikurudi. Nikamfunua shuka, nikaona nyonga aliyolalia ina wekundu unaokaribia kuwa kidonda, kwa maana asiyehitaji kupelekwa nje hahitaji hata kugeuzwa. Nilielewa vizuri sana nilichokuwa nakiona. Bibi yangu hakuwa amezeeka ghafla mwezi wa Oktoba. Alikuwa na kiu.

Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijapata kuwa nayo tena, na mimi ni mtu wa kukasirika. Lakini nifanye nini? Nilimweleza mjomba kabla hajapanda lori. Akasema niache, yule ni mtu wa serikali, tukigombana naye bibi atatolewa, na akitolewa anakwenda wapi? Kota hawamtaki, hospitali hawamtaki, na safari ya Mpwapwa juu ya lori kwa nyonga ile ingemmaliza kabla ya Kongwa. Nilichukia kwamba mjomba alisema kweli. Nikinyamaza atakufa kwa kiu, nikigomba atakufa njiani.

Basi nikaanza kuiba. Kila siku baada ya kumpelekea mume wangu chakula, nilipita pale na birika la maji chini ya kanga, na vitambaa vilivyoloweshwa vya kuwapa wale wasioweza kuinuka wafyonze. Nilikuwa na mimba changa wakati ule, na msimamizi alifikiri tumbo linakua vizuri ajabu. Nilimgeuza bibi huku na huku, nikampaka mafuta ya samli. Siku ya tatu au ya nne nilikuwa nammiminia maji, amenitumbulia macho, mara akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Mke mwenzangu. Hiyo kanga umemwibia nani? Haikupendezi."

Nililia mpaka maji yakamwagika. Akaniacha nilie, halafu akaendelea. "Na mjomba wako mwambie kile kiti bado nakikalia."

"Bibi! Ulikuwa unatusikia?"

"Neno kwa neno. Ulimi ndio ulikuwa umenata. Mlinizika vizuri, lakini shanga za bluu usiwape dada zako."

Furaha yetu haikudumu. Wanaokunywa hulowanisha. Msimamizi akakuta kitanda cha bibi kimelowa, kesho yake kingine, kesho kutwa viwili. Alihuzunika kweli, masikini, kama mtu aliyekuta fisi zizini. Akaniambia bibi ameharibika na anawaharibia wenzake, na hali ikiendelea hivyo hadi mwisho wa juma itabidi amrudishe hospitali, wao waamue la kufanya. Tulijua wote wangeamua nini: lori.

Nilimweleza bibi nikiwa sina nguvu hata za kukaa wima. Akanitazama kwa dharau. "Wewe ni Mgogo wa wapi? Una Mhehe hapa, mtani wako wa halali, halafu unahangaika na birika kama mwizi. Nenda kamlete mama mkwe wako."

Sasa mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mnene, mwenye heshima zake, ambaye kwa mambo ya kawaida hakuinua sauti hata kwa kuku. Nilimweleza kwa aibu shauri la bibi, nikijua atakataa. Akaniuliza kitu kimoja tu: pipa lina mfuniko imara? Nikasema ni wa mbao. Akaenda kuvaa kaniki mpya.

Tulifika siku ya pili yake mchana, wazee wamekwisha kula na kunywa, msimamizi yumo katika kufunga kufuli. Mama mkwe akamwamkia vizuri, akamwomba asogee kidogo, akapanda juu ya pipa, akaketi. Pipa likalia. "Mtani," akasema, "pipa hili tumeliteka."

Msimamizi akacheka sana. Akaweka ufagio chini, akajishika kiuno. "Haya, Wagogo! Najua mmekwisha kumaliza kuomba mjini kote, sasa mmefika kwangu. Mnataka nini, kuku? Tumbaku?"

"Hatutaki chako. Tunataka ukae bila maji mpaka kesho alfajiri. Ukivumilia, pipa lako. Ukishindwa, utatukomboa kwa tutakachosema."

"Hilo tu?" Akacheka zaidi. "Mimi nimetoka Burma!"

Tukamwambia tunajua, mji mzima unajua, hata mbuzi wanajua. Akarudi kazini akipiga mluzi. Alifagia ua wote upya ili kutuonyesha. Alihamisha mawe. Jua lile la Oktoba lilikuwa linamtazama yeye peke yake. Mimi nilikaa mlangoni na birika langu, nikawa nagawa maji ndani kitanda kwa kitanda, waziwazi, na kila aliyekunywa nilimwomba anywe kwa sauti.

Mluzi ulikatika mapema kuliko nilivyotazamia. Alasiri ilipoanza kuingia alikuwa amekaa kivulini, akimeza mate ambayo hayakuwapo. Kisha akasimama, akajinyoosha kaptula, akasema anakwenda kununua kiberiti. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Mhindi, Mwislamu mtu mzima aliyekuwa akiweka mtungi wa maji barazani kwa ajili ya wapita njia, kwa thawabu. Tulikuwa tumempitia asubuhi. Nilimwona msimamizi anafika, anazungumza habari za kiberiti, halafu mkono unatambaa kuelekea kwenye kata. Yule mzee akaifunika kata kwa kofia yake. Nilimsikia kutoka ng'ambo, maana alikusudia nisikie.

"Aa, bwana. Mchana umepita. Utalowanisha kitanda."

Wabeba mizigo waliokuwa barazani wakaanguka kwa kicheko. Msimamizi alirudi akivuka barabara polepole, hana hata hicho kiberiti. Kununa hakuweza, sisi ni watani zake. Kutoroka kwenda kwa jirani mwingine hakuweza, angeimbwa hadi Iringa. Aliingia ndani, akatafuta mahali, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, kati ya kitanda cha bibi na cha mzee mmoja aliyekuwa mpagazi zamani. Nilikuwa na matusi mengine mazuri niliyoyaandaa. Bibi akaniashiria ninyamaze.

"Mtani," akamwita. "Unasikiaje?"

"Mdomo umekauka, bibi."

"Na kichwa?"

"Kinagonga." Akajishika paji la uso. "Nimesahau nilichokuwa nataka kufanya."

"Ndiyo," bibi akasema. "Ikifika jioni utaanza kumwita mtu kwa jina la kaka yako."

Nilimwona anavyoelewa. Haikuwa mara moja. Alimtazama bibi, akatazama vitanda vyote mpaka mwisho wa chumba, halafu akaitazama mikono yake. Aliposema tena sauti yake haikuwa ya askari.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie saa ngapi?" bibi akamuuliza. "Kila asubuhi unapita na ufagio wako unasema, 'Wazee, hamjambo?' Nasi tunasema hatujambo. Ulitaka tujibuje? Salamu hujibiwa hivyo. Anayetaka habari anakaa. Wewe tangu nije hapa sijakuona umekaa."

"Leo nimekaa," akasema.

Kisha yule mzee mpagazi, ambaye mimi sikuwahi kusikia sauti yake, akasema akiwa anatazama dari, "Basi mimi nina kiu, bwana."

Msimamizi akainuka, akavua ufunguo shingoni. Mama mkwe akashuka kwenye pipa bila kudai ukombozi wowote, nami nikajua mambo yamekwisha. Msimamizi alianza na yule mzee, akaendelea hadi kitanda cha mwisho, akiwashika vichwa mmoja mmoja. Nilikuwa nimeshawapa maji mchana wote na bado walikunywa. Yeye alikunywa wa mwisho, kwa kata aliyowanyweshea, akiwa amesimama nje, nasi tumegeukia upande mwingine.

Kufuli lile sikuliona tena. Bibi hakurudishwa hospitali. Ule wekundu wa nyonga ulipotea, na mvua zilipokaribia alikuwa anasimama kwa fimbo mbili, na matusi yote yamerudi mahali pake, mengine mapya. Lakini nyumba ile ilianza kunuka. Sitadanganya. Wazee wale walikuwa wengi, msimamizi alikuwa mmoja, na mimi na mama mkwe tulikuja tulipoweza. Alifua tangu alfajiri, alianika, aligeuza watu, alibeba wengine mgongoni kuwapeleka nje, na bado ukiingia mchana pua ilijua umeingia wapi. Mawe yakapoteza chokaa. Watu wa mjini wakaacha kumsifu. Wengine wakasema amekuwa mvivu, wengine wakasema pombe.

Siku moja nilipokuwa pale akaja bwana afya mgeni, Mwingereza kijana ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameletwa jimboni kwetu. Alifika mlangoni, akatoa leso, akajifunika pua. Akatazama godoro lililolowa, akatazama msimamizi, ambaye kaptula yake siku hizi haikuwa imenyooshwa kwa pasi na mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni.

"Msimamizi," akasema katika Kiswahili chake cha kujifunza, "nyumba hii inanuka sana. Mimi niliambiwa hii ni nyumba safi kuliko zote. Kumetokea nini?"

Yule mtu aliyependa sifa kuliko nyama akafunga visigino, akanyoosha mikono mapajani, macho mbele.

"Wazee wanakunywa maji, bwana."

"Maji?"

"Ndiyo, bwana. Wanapotaka."

Kijana yule hakuelewa. Akasema amesikitika, akasema atarudi na anatumaini kukuta mabadiliko, akaenda kwenye gari lake na leso yake puani. Msimamizi alibaki amesimama vilevile mpaka vumbi la gari lilipotua.

Bibi akanitazama, nami nikamtazama. Mtani wetu alikuwa ametukanwa mbele yetu na mtu asiye na haki hiyo, na hakuna Mgogo ambaye angekosa neno la kuongezea hapo. Nilikuwa nalo, lilikuwa zuri, lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikaenda nikashika ncha moja ya lile godoro. Msimamizi akaja akashika nyingine, tukalitoa nje kulianika.